Kampuni ikisimamisha mchezo wa kadi, hizi kadi tulizonazo tunazifanyaje? (Star Wars: Destiny)

BabaZuu_MN

Wakuu habari za muda huu. Naomba mawazo kwa wale mnaocheza michezo ya kadi za kukusanya maana hapa nyumbani mjadala umekuwa mkubwa.

Niko Minnesota, mimi na binti yangu tunacheza Star Wars: Destiny, tuliianza muda si mrefu baada ya kutoka mwishoni mwa 2016. Kwa asiyeijua, ni mchezo wa watu wawili, una kadi na dadu, kila mhusika ana dadu yake mwenyewe yenye alama zake, unapanga kikosi kisichozidi pointi 30 na deki ya kadi 30, alafu unarusha dadu na kutumia kile kilichoangukia. Mtamu sana, na mtoto anapiga hesabu kichwani bila mtu kumsukuma. Sasa wenye mchezo, Fantasy Flight Games, ambao ofisi zao ziko hapa hapa Roseville, walitangaza mapema 2020 kwamba toleo la Covert Missions ndo la mwisho, basi. Sisi tukaendelea kucheza wenyewe sebuleni. Juzi tumeingia duka moja tukakuta maboksi ya Destiny hayajafunguliwa yanauzwa bei ya kutupa, nikabeba kadhaa, jamaa mmoja aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni akasema mbele ya mtoto kwamba huo mchezo umeshakufa nanunua takataka. Binti hakuongea njia nzima.

Nataka kuelewa, kwanini kampuni inaua mchezo ambao watu bado wanaupenda? Na hizi kadi, niuze wakati bado zina bei au nizitunze? Alafu kuna namna yoyote ya kucheza na watu wengine zaidi yetu sisi wawili? Natanguliza shukrani.

Mstaafu_wa_Kaunta

Mkuu nimefanya kazi duka la michezo kwa muda huko Ohio, kipindi Destiny inatoka nilikuwepo kaunta, ngoja nikueleze inavyokwenda.

Duka halinunui moja kwa moja kwa kampuni, linanunua kwa muuzaji wa jumla, na linaagiza miezi kabla toleo halijatoka, yaani mwenye duka anakisia. Toleo la kwanza, Awakenings, mzigo ulikuwa haba mno, boksi linafika asubuhi jioni hakuna, watu wakaanza kulangua. Kila mwenye duka akasema safari ijayo sikubali kuachwa, wakaagiza kwa wingi, na kampuni nayo ikachapa kwa wingi, wakati huo wale wa mwanzo waliokosa pakiti walishakata tamaa na kuhamia michezo mingine. Mzigo ukajaa stoo. Boksi moja ni pakiti 36, likilala pale ujue hela ya mwenye duka ndo imelala, kwahiyo toleo linalofuata anaagiza kidogo au haagizi kabisa, muuzaji wa jumla naye anapunguza, na kampuni inaviona hivyo vyote kwenye oda kabla mchezaji wa kawaida hajahisi kitu. Mchezaji anaona watu bado wamejaa Jumamosi anasema mchezo uko hai, kumbe oda zilishaporomoka zamani.

Ongeza na hili la dadu. Kila pakiti ilikuwa na kadi 5 na dadu 1, na ile dadu sio kama ya ludo, ina rangi na alama tofauti kila upande, kila mhusika na silaha yake. Kuitengeneza na kuisafirisha ni gharama nyingine kabisa ukilinganisha na karatasi. Alafu wahusika wengi ili uwacheze kwa nguvu zao zote unahitaji dadu mbili za mhusika huyo huyo, maana yake upate kadi yake mara mbili, na zile adimu kabisa zilikuwa zinatokea kama pakiti moja kati ya sita hivi, na hapo hujui utaangukia ipi. Watu wakachoka kubahatisha, wakawa wananunua kadi moja moja kutoka kwa wenzao, na hela hiyo haifiki kwa kampuni. Na Star Wars ni mali ya Disney, leseni inalipiwa. Faida ikishakuwa nyembamba hakuna mtu ofisini wa kuutetea mchezo.

Kuhusu bei nakwambia ukweli, tangazo likishatoka tu kila duka linamwaga mzigo siku moja, bei inaenda chini na nyingi hazirudi. Kuna watu watakutajia kadi za World of Warcraft, ule mchezo wa kadi ulioanza 2006 ukafungwa 2013, kwamba kadi ya Spectral Tiger inauzwa hela ndefu mpaka leo. Ni kweli, ila ile bei inatokana na namba ya siri ya kukwangua inayokupa mnyama ndani ya mchezo wa kompyuta, ikishakwanguliwa inabaki kadi tu. Destiny haina kitu kama hicho. Maboksi uliyonayo usiyafungue, weka sehemu kavu, mbeleni kuna mtu atayataka, ila usiyahesabu kama akiba ya ada ya mtoto.

Mzee_wa_Kashyyyk

Huyo jamaa wa kwenye foleni amekosea na naomba umwambie binti hivyo, kwa sababu mimi nimeshaishi hii hali kabla yenu.

Nilianza na mchezo wa kadi za Star Wars wa kampuni ya Decipher, ulitoka Desemba 1995, nilikuwa mwanafunzi nimetoka Tanga nimekuja huku simjui mtu, na marafiki wangu wa kwanza niliwapatia kwenye meza ya kadi. Mwisho wa 2001 leseni ikaisha, Lucasfilm, waliokuwa wenye Star Wars kabla ya Disney, wakawapa kampuni nyingine ya michezo, Wizards of the Coast, nao wakatoa mchezo wao tofauti kabisa 2002, kadi zetu haziingiliani nao hata kidogo. Tulisikia vibaya sana, watu waliuza makusanyo yao wiki ile ile.

Ila Decipher kabla hawajaondoka waliwakabidhi wachezaji, ikaundwa kamati inaitwa Players Committee, na hiyo kamati ipo mpaka leo, mkuu, mashindano ya dunia yanafanyika. Wanavyofanya ni hivi, wanatunga maandishi mapya ya kadi, unayapakua bure, unachapa kwenye karatasi ya kawaida, unakata, unachomeka kwenye mfuko wa plastiki mbele ya kadi ya zamani yenye jina lile lile. Na wakachagua makusudi kuanza na zile kadi dhaifu ambazo watu walikuwa wanaziacha mezani wakifungua pakiti. Yaani kadi uliyoidharau 1997 ghafla ndo kila mtu anaitafuta kwenye maboksi ya chini ya kitanda. Kwangu mimi miaka ya kamati ina mchezo mzuri kuliko ya kampuni, maana hawalazimiki kutoa kadi zenye nguvu kupita kiasi ili pakiti ziuzike.

Na ule wa Wizards uliotupokonya jina, nao ulifungwa 2005, na wachezaji wake nao wakaunda kamati yao.

Sasa Destiny ina watu wake pia. Tafuta A Renewed Hope, ni wachezaji waliojikusanya baada ya tangazo la 2020, wanatoa matoleo yao wenyewe bure ya kuchapa nyumbani, wanapanga mashindano, wengi wanacheza onlaini. Fungueni hayo maboksi na mtoto.

Neema_Hamburg

Naunga mkono aliyetangulia ila niongeze kitu kimoja ambacho naona watu wanakiruka. Sio kila mchezo unaopendwa huwa unapona, kuna ambayo ilipendwa sana na sasa haipo kabisa. Mimi nacheza Vampire: The Eternal Struggle, ulitoka 1994 kwa jina la Jyhad, aliyeutunga ni Richard Garfield yule yule aliyetunga Magic, mchezo wa kadi maarufu, 1995 wakabadilisha jina, Wizards waliokuwa wanauchapa wakauacha, kampuni ya White Wolf wakauchukua wakaufufua 2000, alafu 2010 nao wakasimamisha. Miaka kadhaa hakuna hata kadi moja mpya iliyochapwa dukani.

Kilichoubeba ni kwamba kulikuwa na chama cha wachezaji, VEKN, kilichokuwa na waamuzi, orodha ya wachezaji na pointi zao, na kalenda ya mashindano, na kampuni ilipoondoka kalenda haikusimama. Ulaya tuliendelea kukutana kila mwaka na kadi zile zile za zamani. 2013 chama kikatoa toleo la bure la kuchapa, na 2018 kampuni ndogo ya Black Chantry Productions ikapata leseni, sasa hivi kadi zinachapwa tena na hazina pakiti za kubahatisha, unanunua deki unaona kilichomo. Ule mchezo unahitaji watu wanne au watano, unamshambulia aliye kushoto kwako huku wa kulia anakuwinda, bila kundi hauchezeki kabisa, nadhani ndo maana tuling'ang'ania kukutana.

Kwahiyo kaka BabaZuu, kabla ya kufikiria kuuza au kutouza, tafuta watu watatu wanne mpange siku moja ya mwezi isiyobadilika. Siku ikiwepo watu wanakuja.

Mutua_River

Mimi nitapingana kidogo na nyote. Huu mtindo wa pakiti za kubahatisha wenyewe ndio shida, na kila kampuni inapofunga tunalia kana kwamba ni msiba wakati tungejifunza kununua tofauti. Huku Nairobi boksi la kadi kutoka nje ukilipa usafiri na ushuru unakuwa umelipa mara mbili, halafu unafungua unapata kadi tano za kawaida ambazo tayari unazo.

Sisi tunacheza Netrunner, mchezo mwingine wa kadi. Hao hao Fantasy Flight waliuchapa kuanzia 2012, bila kubahatisha, kila boksi linajulikana lina nini, na bado uliuawa kwa sababu jina lilikuwa mali ya Wizards na makubaliano yakaisha, walitangaza Juni 2018 na mwisho wa kuuza ukawa tarehe 22 Oktoba mwaka huo huo. Wachezaji wakaunda chama chao, siku hizi kinaitwa Null Signal Games, wanatoa matoleo mapya, unaweza kununua zilizochapwa vizuri au upakue faili bure. Sisi tunapakua, tunapeleka mtaa wa River Road hapa mjini, wanachapa kwenye karatasi ngumu na kukata kwa mashine, seti nzima inatoka kwa bei ya pakiti chache tu za dukani.

Kwa hivyo boss, hayo maboksi yafungue leo. Kuyaweka kavu yakingojea mnunuzi asiyejulikana ni kumnyima mtoto raha kwa ajili ya hela ndogo. Zile dadu ndizo za maana, karatasi yeyote anaweza kuchapa lakini dadu yenye alama zake huwezi kuitengeneza kwa printa ya mtaani, ndio maana nisingeuza hata moja.

BabaZuu_MN

Aisee nashukuru sana wote, nimesoma na binti tukiwa pamoja, hiyo habari ya kadi za 1997 kwenye maboksi ya chini ya kitanda amenisomesha mara mbili. Tumekubaliana tunafungua yote isipokuwa moja, hilo moja ni lake ataamua mwenyewe akikua.

Swali la mwisho, Fantasy Flight hawa hawa wametoa Star Wars: Unlimited tangu Machi 2024, mtoto anautaka, mimi naogopa tutarudi hapa hapa.

Mstaafu_wa_Kaunta

Kuogopa una haki, hakuna mchezo wa kadi wenye dhamana, hata Magic iliyodumu tangu 1993 imeona mingi ya enzi zake ikizikwa. Unlimited haina dadu, ni kadi tupu, kwahiyo ule mzigo wa gharama niliokueleza juu haupo. Usinunue maboksi. Mchukulie seti ya kuanzia ya wachezaji wawili, ina deki mbili kamili, mcheze nazo kwanza, akiipenda umpeleke siku ambayo duka lina wachezaji aone kama kuna wa rika lake. Wakiwepo nunua kadi moja moja anazozihitaji, wasipokuwepo hamjapoteza kitu, mnazo deki mbili za kucheza nyumbani miaka yote.

BabaZuu_MN

Nimekuelewa mkuu. Basi nafanya alivyosema dada Neema, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mchana, Destiny, kwetu Brooklyn Park, dadu na deki za kuazima zipo za kutosha. Aliye karibu anitumie ujumbe wa faragha nimpe maelekezo, na mwenye mtoto aje naye.