Pacha mmoja ana pumu mwenzie mzima, karithi kwa nani?

MamaPacha_Makorora
Habarini wapendwa, nina pacha wa kike na wa kiume, wana miaka saba. Wa kike usiku kifua kinabana anapiga mluzi mpaka huruma, kaka yake mzima kabisa na wanakula sahani moja. Sasa mama mkwe kanishikia bango ati pumu ni ya kwetu Pangani kisa marehemu babu alikuwa nayo. Juzi tumepima damu, tukaambiwa eosinofili juu na IgE juu. Ndo ushahidi kwamba karithi? Na kipimo cha jeni kipo nimpime na wa kiume?

Mzee_wa_Korona
Pole mwanangu. Sie tumefanya mkonge miaka na miaka, vumbi lile lile, mmoja anakohoa mwenzie wala. Mkwe mwache aseme atachoka. Ila inhela usimzoeshe, inapeleka moyo mbio, mpe asali na tangawizi.

Maabara_Tanga
Shikamoo mzee, asali sawa ila inhela hapana, nakupinga. Moyo kwenda mbio ni ile ya salbutamol na hupita, haizoeshi mtu. Tena salbutamol inafungua kifua tu, uvimbe wa ndani unatulizwa na ya steroidi ya kuvuta kila siku, dada muulize daktari kama mtoto anahitaji.

Kuhusu kurithi, ni kweli inatembea kwenye ukoo ila hakuna jeni moja ya pumu. Mwaka 2007 walikuta sehemu ya kromosomu ya 17 karibu na jeni ya ORMDL3 inahusiana na pumu ya utotoni, 2011 wakaona jeni ya PYHIN1 kwa watu wenye asili ya Afrika, na zipo nyingine kibao, kila moja inasukuma kidogo tu. Ndo maana hospitali hawapimi jeni kujua nani ataugua. Na pacha wa kike na kiume ni kama ndugu wa kawaida tu, kila mmoja kachukua vyake kwa baba na kwa mama, kwa hiyo mkwe nae asijitoe haraka hivyo 😂

Sasa hayo majibu ya damu. IgE ni kingamwili, ikikaa kwenye seli fulani za njia ya hewa mtoto akavuta vumbi linalomkera zinamwaga histamini kifua kinabana. Eosinofili ni chembe nyeupe za damu, zinavutwa na kemikali ya mwili inayoitwa interleukini 5. Lakini minyoo nayo inapandisha vyote viwili, njia ni ile ile ya kinga! Kwetu pwani mtoto anacheza pekupeku, karatasi ile peke yake haisemi pumu wala haisemi kurithi, pumu inajulikana kwa historia na kile kipimo cha kupuliza. Choo amepima?

MamaPacha_Makorora
Hata hawakuniambia choo! Na likizo zote wako Pangani wanaogelea mtoni hao. Mzee asante, asali nitampa ila inhela siachi.

Maabara_Tanga
Kama ni mtoni basi na mkojo wa kichocho. Choo peleka kikiwa kibichi, mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai ndo yanatoka mengi. Na minyoo ikionekana mtibu, dawa ya pumu isikatishwe.

Mzee_wa_Korona
Marahaba kijana. Na huyo wa kiume apimwe pia, wanaogelea wote.