Vuli ya mwaka huu: gumzo la ukoo, Jumamosi tarehe 23 Septemba 2023

Babu (Makunduchi), saa 12:40 asubuhi
Assalaam alaykum nyote. Nimetoka ufukweni sasa hivi. Upepo wa alfajiri ulitoka bara, mwepesi kabisa, na ulipogeuka kutoka baharini ulikuja upande wa mashariki, si kusini-mashariki tuliyoizoea tangu Mei. Maji ni mafu, bahari imelala, na ngalawa zimetoka nje ya mwamba bila shida, jambo ambalo mwezi Julai halikuwezekana kila siku. Tukihesabu tangu Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi, tumo katika mwongo wa saba, yaani kumi la saba la siku, na kwa hesabu ya wazee huu ndio wakati wa kusi kulegea na demani, majira ya upepo mwepesi, kushika. Bibi yenu anasema mwani wake bado una afya, lakini maji ya vidimbwini yameanza kuchoma miguu ifikapo adhuhuri, naye joto hilo halipendi hata kidogo.

Binamu (Mombasa), saa 1:05 asubuhi
Wa alaykumu salaam, shikamoo Babu. Huku pia kusi imepungua. Kwenye matope ya hori la Tudor, maji yakitoka, sululu na vitwitwi wameongezeka sana kuliko mwezi uliopita. Hao wanatoka kaskazini ya mbali, ambako majira ya joto yamekwisha, na watakaa nasi hadi masika. Mbayuwayu bado ni wachache.

Babu (Makunduchi), saa 1:09 asubuhi
Marahaba mjukuu wangu. Endelea kuwatazama hao mbayuwayu.

Mimi (Dar es Salaam), saa 1:30 asubuhi
Shikamooni nyote. Leo saa 3:50 asubuhi jua linavuka ikweta kuelekea kusini, kwa hiyo naona ni siku nzuri ya kuulizana kuhusu vuli. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutoa mwelekeo wake mwezi uliopita kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zinatarajiwa kuwa juu ya wastani katika maeneo mengi yenye misimu miwili ya mvua, na wataalamu wa kanda walisema vivyo hivyo walipokutana. Huku mjini, kila anayelisikia jina la El Niño anaanza kusimulia mafuriko ya 1997. Je, tujiandae kwa 1997 nyingine, au watu wanatiana hofu tu?

Shangazi Mkubwa (Muheza), saa 1:52 asubuhi
Mimi swali langu ni dogo kuliko hilo: nipande lini? Shamba limekwisha kulimwa, mbegu ya mahindi ya muda mfupi ninayo ndani, na Jumatano jioni tulipata manyunyu ambayo yaliwafanya majirani wawili wapande siku iliyofuata. Jirani mwingine ananiambia nisipande kabisa kwa sababu miembe imechanua kupita kiasi mwaka huu, na eti embe zikiwa nyingi mvua huwa haba. Baba, hilo lina ukweli?

Babu (Makunduchi), saa 2:10 asubuhi
Mwanangu, nimelisikia tangu utotoni na nimeliona likitimia na kushindwa. Mwembe huchanua kwa sababu ya ubaridi na ukavu wa kipupwe kilichopita. Maua hayo yanakueleza habari za Juni na Julai, si za Novemba. Ninayoyaamini zaidi ni upepo na joto la bahari, kwa kuwa mvua yenyewe inatoka huko. Matlai, upepo wa mashariki, ikivuma siku kadhaa mfululizo, na mawingu ya asubuhi yakaanza kujipanga baharini badala ya kutawanyika, hapo ndipo ninapopanda dari kuangalia paa.

Ami (Salalah, Oman), saa 2:34 asubuhi
Shikamoo Baba, na salamu kwenu nyote. Nimesubiri kufunguka kwa ukungu ili niandike kwa uhakika. Huku harifu, msimu wa ukungu na manyunyu, imekwisha. Tangu mwishoni mwa Juni tulikuwa chini ya wingu zito na manyunyu, milima ikiwa ya kijani na ngamia wakiwa wameshushwa bondeni kwa sababu miteremko huteleza. Wiki hii jua limetoka, maua yameanza, na ngamia wanarudishwa milimani. Wenyeji wanayaita majira haya sarb, nayo ndiyo vuli yao, ingawa vuli yao ni ya ukavu na yetu ni ya mvua.

Nayasema haya kwa sababu harifu na kusi ni upepo mmoja. Unaanzia kwenye eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa kusini mwa Bahari ya Hindi, unapita kwenu kama kusi, unavuka ikweta kando ya Somalia, kisha mzunguko wa dunia unaupindisha kulia hadi unatufikia ukitoka kusini-magharibi. Ukifika hapa unayasukuma maji ya juu mbali na pwani, maji baridi ya chini yanapanda, na hewa yenye unyevu ikigusa baridi hiyo inageuka ukungu. Ukungu wa huku ukifunguka, ni ishara kwamba mashine nzima imepungua nguvu, na ukanda wa mvua umeanza safari ya kulifuata jua kuelekea kwenu. Kwa hiyo Baba akisema leo upepo umegeuka, sishangai hata kidogo.

Mimi (Dar es Salaam), saa 2:41 asubuhi
Ahsante Ami. Na El Niño je?

Ami (Salalah), saa 3:15 asubuhi
Hapo nitaandika kirefu, mnivumilie. El Niño ni joto la Bahari ya Pasifiki, mbali sana nasi. Wamarekani waliitangaza tarehe 8 Juni. Lakini kinachoamua zaidi vuli ya pwani yetu ni Bahari ya Hindi yenyewe, kwa tofauti ya joto kati ya upande wetu wa magharibi na upande wa Sumatra. Upande wetu ukiwa na joto kuliko kawaida na ule wa Sumatra ukapoa, wataalamu husema dipoli ni chanya: hewa yenye unyevu hupanda juu ya upande wetu, na mvua huwa nyingi. Ikigeuka hasi, mvua hukimbilia Indonesia na sisi tunabaki kutazama mawingu.

Sasa tazameni miaka. Mwaka 1997 El Niño ilikuwa kali na dipoli chanya ilikuwa kali pia, zikasaidiana, tukapata tuliyoyapata. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi zilizowahi kupimwa, watu wakatishika, lakini dipoli haikuwa na nguvu ya ile ya 1997, na vuli haikufika hata karibu ya ilivyohofiwa. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kutajika katika miezi ya vuli, ila dipoli ilikuwa kali mno, na Afrika Mashariki ikafurika. Hata 1961, mwaka ambao Baba anaukumbuka, ulikuwa wa namna hiyohiyo, na Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache iliyofuata.

Kwa hiyo anayeitazama Pasifiki peke yake anasoma nusu ya barua. Jambo la mwaka huu ni kwamba Jumanne iliyopita, tarehe 19, Waaustralia walitangaza mambo mawili siku moja: El Niño imeshika, na dipoli ya Bahari ya Hindi ni chanya. Ndiyo maana safari hii mimi nauchukulia mwelekeo wa Mamlaka kwa uzito kuliko nilivyouchukulia ule wa 2015.

Babu (Makunduchi), saa 3:22 asubuhi
Mwaka 1961 naukumbuka vizuri. Umesema sawa.

Binamu (Mombasa), saa 3:30 asubuhi
Ami, naomba niongeze jambo moja ambalo watu hulisahau. Maneno "juu ya wastani" hayamaanishi mafuriko, wala hayamaanishi hakika. Wataalamu huchukua mvua za misimu ya miaka 30 na kuzigawa mafungu matatu: haba, za kawaida na nyingi. Wakisema fungu la mvua nyingi lina uwezekano wa asilimia 60, bado asilimia 40 zimebaki kwa mafungu mengine mawili, na mkulima aliyeangukia humo hatakuwa amedanganywa na mtu. Isitoshe, ni jumla ya miezi mitatu. Unaweza kupata jumla kubwa iliyoshuka kwa siku chache, na katikati yake ukame wa wiki tatu unaoua mahindi.

Mimi (Dar es Salaam), saa 3:38 asubuhi
Na kinyume chake pia ni kweli. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, yaliyowafanya wakazi wa Bonde la Msimbazi wahamishiwe Mabwepande, yalikuja katika mwaka wa La Niña, kinyume cha El Niño, ambao kwa kawaida tunautazamia ukame. Sisi wa mabondeni hatuangamizwi na wastani wa msimu, tunaangamizwa na usiku mmoja. Kwa hiyo mfereji wa nyuma ya nyumba tunauzibua kesho bila kusubiri dipoli, na nyaraka zote nimekwisha kuzitia katika mfuko wa plastiki na kuzipandisha juu ya kabati.

Shangazi Mdogo (Arusha), saa 4:02 asubuhi
Shikamoo Baba, samahani nimechelewa, nilikuwa zizini. Huku mijakaranda imeanza kuchanua kando ya barabara, asubuhi bado ni baridi ya kuvaa sweta, na vumbi la mchana halivumiliki. Malisho yamekwisha kabisa baada ya miaka hii mitatu ya ukame, kwa hiyo ninyi mnaoiogopa mvua mjue kuna watu wanaiomba usiku na mchana.

Mimi hofu yangu ni nyingine. Mvua kubwa ya ghafla baada ya ukame ndiyo inayoleta homa ya Bonde la Ufa. Mayai ya mbu hukaa katika udongo wa mabonde madogo miaka mingi yakisubiri maji, na yakijaa, mbu hutoka kwa wingi na kuambukiza mifugo, kisha watu. Ilitokea baada ya mvua za 1997, ikatokea tena 2006 hadi 2007, na mara hiyo ya pili Arusha haikunusurika. Chanjo inapaswa kutangulia. Ugonjwa ukiwa umeingia, kuchanja kundi kwa sindano moja kunaweza kuueneza. Nitamwona ofisa mifugo Jumatatu.

Shangazi Mkubwa (Muheza), saa 4:10 asubuhi
Fanya hivyo mdogo wangu. Lakini naona nimeelezwa habari za Sumatra na Australia, na swali langu la kupanda bado liko pale pale.

Ami (Salalah), saa 4:19 asubuhi
Una haki, dada. Kwa jinsi ninavyojua, mwanzo wa mvua ya kupandia huhesabiwa pale zinapopatikana milimita 20 hivi ndani ya siku mbili au tatu, bila kufuatiwa na ukavu wa muda mrefu. Manyunyu ya Jumatano hayafiki hapo. Majirani zako wamepanda kwenye mvua ya kudanganya, nami nawaombea heri.

Shangazi Mkubwa (Muheza), saa 4:25 asubuhi
Milimita 20 nitazijuaje bila kipimamvua?

Binamu (Mombasa), saa 4:37 asubuhi
Shangazi, chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mdomo na kitako viwe sawa kwa upana, uliweke mahali pa wazi mbali na paa na migomba, juu ya kigingi ili matone yasiruke kutoka ardhini. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile vinaposomwa vituo vya hali ya hewa, pima kina cha maji kwa rula, uandike, kisha umwage. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mvua hiyo ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 50 ingekuletea karibu lita 1,000. Tangi lako lioshwe mapema.

Babu (Makunduchi), saa 4:50 asubuhi
Kopo ni zuri. Nami nimesimamisha kijiti changu uani. Jua litapita utosini kwetu karibu tarehe 9 Oktoba, na kwa Mombasa siku chache kabla ya hapo. Adhuhuri kivuli cha kijiti kitatoweka kabisa. Baada ya hapo joto huongezeka na mawingu huanza kuwa na maana. Jambo jingine: mwezi mpevu ni Ijumaa ijayo, tarehe 29, na bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, la karibu na siku hizi za jua kuvuka ikweta huwa kubwa kuliko mengine. Wavuvi wa pweza watafurahi maji yakitoka, ila Binamu awaambie wenye nyumba za ukingoni kwamba bamvua likikutana na mvua kubwa, mifereji haitakuwa na mahali pa kumwagia.

Shangazi Mkubwa (Muheza), saa 5:04 asubuhi
Basi nimeamua. Manyunyu siyafuati. Nusu ya shamba nitaipanda mara kopo likionyesha milimita 20, na nusu ya pili wiki mbili baadaye, ili ukavu ukiingia katikati usinikute nimeweka mbegu yote ardhini. Kule chini karibu na mto sipandi mahindi mwaka huu, nitatia mpunga. Baba, matlai ikishika nijulishe.

Babu (Makunduchi), saa 5:06 asubuhi
Ikishika nitaandika hapa kabla sijanywa chai. Na wewe kopo lako ulisome saa tatu, si saa nne baada ya kutoka kuzungumza na majirani.