Kortisoli 41 baada ya krimu na vidonge vya kunenepa: nithibitishe vipi kabla ya kuandika kisa?

Kliniki_Likoni

Asalaam aleikum wenzangu. Nina mgonjwa ambaye nataka kumwandikia ripoti ya kisa. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu. Amejipaka krimu ya kujichubua isiyo na lebo mwili mzima kwa zaidi ya mwaka, na miezi ya karibuni akawa anameza vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa vifuko vya kaki. Vidonge na krimu vilimwishia pamoja. Hata wiki haikwisha akaletwa amelegea, anatapika, presha 92/58 akiwa amelala na 70/44 akisimama. Sodiamu 127, potasiamu 4.2, sukari 3.0. Uso umekuwa mviringo, tumbo lina michirizi ya zambarau, na ngozi ya mikono imekonda hadi mishipa inahesabika. Kortisoli (homoni ya tezi za adrenali, zilizo juu ya figo) ya saa nane mchana, kabla ya dawa, ilikuwa nmol/L 41. TSH (kipimo cha tezi ya thairoidi) 6.8. Alichomwa haidrokotisoni, yaani kortisoli ya dawa, akainuka. Sasa anameza prednisoloni mg 5 asubuhi.

Je, hiyo 41 yatosha kusema tezi za adrenali zimezimwa na steroidi ninayoishuku kwenye krimu na vidonge hivyo? Nipime nini tena, na lini? Na upande wa idhini nianzie wapi?

Homoni_Tudor

Kumtibu kabla ya kukimbilia vipimo zaidi ndiyo sawa. Kwa wengine watakaopita hapa: haidrokotisoni mg 100 kwenye mshipa au msuli, lita moja ya maji ya chumvi ya 0.9% ndani ya saa ya kwanza, glukosi kama sukari imeshuka, kisha haidrokotisoni mg 50 kila saa 6. Kama damu ya kortisoli yaweza kuvutwa kabla ya sindano, vuta. Kama chupa haipo, choma.

Sasa hiyo 41. Kortisoli hufika kilele asubuhi mapema na kushuka mchana kutwa, kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana kwa mtu aliyetulia hakina maana kubwa. Huyu hakuwa ametulia. Presha ilikuwa imeanguka na sukari iko chini. Tezi yenye afya ingekuwa inamwaga kortisoli kwa mamia. Katika hali ile 41 ni ushahidi mzito. Ila andika saa, presha na sukari palepale kando ya namba, maana namba ikisimama peke yake mhakiki ataikataa, na atakuwa na haki.

Potasiamu nayo inasema kitu. Aldosteroni, homoni ya adrenali inayofanya figo zitoe potasiamu, huongozwa zaidi na renini ya figo kuliko ACTH, homoni ya ubongoni inayoamuru adrenali itoe kortisoli. Kwa hiyo tezi iliyozimwa na steroidi kwa kawaida huendelea kutoa aldosteroni, na potasiamu haipandi. Katika ugonjwa aliouelezea Thomas Addison mwaka 1855 tezi yenyewe huharibika: potasiamu mara nyingi hupanda, na fizi, makovu na mistari ya viganja huwa vyeusi. Kifua kikuu ni mojawapo ya visababishi vyake, na kwetu bado kipo, basi mhakiki lazima ataulizia. Mfungue mdomo umulike fizi, kisha uandike ulichoona hata kama hukuona kitu. Na iwapo ataanzishiwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kumbuka inaharakisha kuvunjwa kwa kortisoli. Dozi ya haidrokotisoni huhitaji kuongezwa mara mbili au tatu.

TSH ya 6.8 iache kwanza. Upungufu wa kortisoli peke yake huipandisha kidogo. Ukimpa thairoksini (homoni ya thairoidi) kabla steroidi hazijamkaa mwilini unaweza kumrudisha kwenye hatari ileile. Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa.

Kipimo kinachofuata ni kortisoli ya saa mbili asubuhi, lakini usipime akiwa kwa prednisoloni: mashine nyingi huisoma kama kortisoli. Mhamishe kwa haidrokotisoni, mathalan mg 10 asubuhi, 5 adhuhuri na 5 alasiri. Asinywe dozi kwa saa 24 kabla ya kutolewa damu, na ameze mara tu damu ikishavutwa. Mwongozo wa pamoja wa madaktari wa homoni wa Ulaya na Marekani wa 2024 unasema hivi: zaidi ya nmol/L 300, tezi zimeamka, kati ya 150 na 300, endelea na dawa na urudie baada ya wiki hadi miezi, chini ya 150, endelea na urudie baada ya miezi kadhaa. Akikwama katikati, mfanyie kipimo cha Synacthen, yaani ACTH ya kutengenezwa: mikrogramu 250, kortisoli kabla ya sindano na dakika 30 au 60 baadaye. Mpaka wa zamani ulikuwa takriban 500, lakini mashine mpya zinasoma chini zaidi, kwa hiyo taja aina ya mashine na kitendanishi.

Pima ACTH pia. Ikiwa juu, tatizo ni la tezi. Ikiwa chini, imezimwa.

Maabara_Kisiwani

Hilo la ACTH lisipite hivihivi. Kwenye damu iliyo nje ya mwili ACTH huvunjika haraka, na joto la hapa Mombasa halisaidii. Yatakiwa chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau iliyokwisha kupozwa, itumbukizwe papo hapo kwenye barafu yenye maji, izungushwe kwenye sentrifuji baridi, plazma itiwe chupa ya plastiki na kugandishwa. Sampuli ikitoka Likoni kwa bodaboda, ikakaa foleni ya feri juani, halafu isafirishwe tena hadi maabara kubwa, jibu litakuja chini. Na chini ndilo jibu unalolitaka, kwa hiyo hakuna atakayelishuku. Afadhali usiipime kabisa kuliko kuchapisha namba iliyoharibikia njiani. Kortisoli haina taabu hiyo: seramu iliyotenganishwa hukaa siku kadhaa kwenye friji.

Muulize pia kama anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini. Katika baadhi ya mashine biotini hupandisha kortisoli kwa uongo, na ACTH na TSH huzishusha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo hupandisha kortisoli jumla, kwa sababu huongeza protini inayoibeba.

Mfamasia_Nyali

Kisa hiki kitasimama au kuanguka kwa ile krimu na vile vidonge. Bila kujua kilichomo, ulicho nacho ni dhana tu. Chukua kopo lenyewe, lipige picha, lifunge, andika tarehe na nani alilikabidhi, kisha lipelekwe kwa uchunguzi wa kromatografia, unaotenganisha na kutambua kemikali zilizomo. Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Dawa iko Nairobi. Jaza pia fomu ya madhara ya dawa ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Kiasi kihesabiwe kwa gramu, usiandike "alipaka sana". Muulize kopo moja humchukua siku ngapi. Klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, ya 0.05% haipaswi kuzidi gramu 50 kwa wiki, tena kwa wiki mbili tu. Vidonge vya kunenepa mara nyingi huwa ni deksamethasoni (steroidi) na siproheptadini (dawa ya mzio inayoongeza hamu ya kula). Deksamethasoni mg 0.75 ni sawa na prednisoloni mg 5, basi vidonge viwili vya mg 0.5 kwa siku vimeshapita kiwango kinachoweza kuzima tezi.

Na kadi ya ARV umeiona? Ritonaviri huzuia ini kuvunja steroidi. Mgonjwa aliye kwa ritonaviri anaweza kupata hali hii hii kwa budesonaidi ya kuvuta, flutikasoni ya pua, au sindano moja ya triamsinoloni ya goti. Beklometasoni ndiyo salama zaidi hapo.

Kliniki_Likoni

Shukran sana. Hatumii ARV. Uzazi wa mpango ni sindano ya miezi mitatu. Vidonge vimekwisha, ila kopo la krimu lina mabaki.

Mfamasia_Nyali

Sindano hiyo haina estrojeni, haitapandisha kortisoli kwa njia ile. Iandike tu kwenye orodha ya dawa. Mabaki usiyahamishie chombo kingine. Kuhusu vidonge, andika kwamba havikupimwa; usitaje deksamethasoni kana kwamba ilithibitishwa.

Maadili_Mvita

Idhini iwe ya maandishi, kwa Kiswahili, asomewe akiwa amepata nafuu. Mtu aliye kwenye dripu hawezi kukukatalia. Idhini ya picha iwe mbali na ya maelezo. Kuziba macho kwa mstari mweusi hakumfichi mtu; piga picha ya tumbo na mikono, uso uache. Mtaa na kazi yake usivitaje pamoja: ukiandika muuza mahamri wa mtaa fulani, jirani zake watamjua kabla hawajamaliza aya. Hapo hata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Kabla ya kuwasilisha, uliza kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kama inadai kibali kwa kisa kimoja. Wakifika wagonjwa kadhaa, huo ni utafiti, na kibali ni lazima. Fuata orodha ya CARE ya 2013, mwongozo wa kuandika ripoti za visa, hasa sehemu ya mfuatano wa tarehe: alianza lini, aliacha lini, aliugua lini.

Homoni_Tudor

Nakubali kuhusu ACTH: bila barafu, iache.

Jambo moja lisisubiri ripoti. Mpe kadi inayosema anatumia steroidi na hazikatizwi ghafla. Akipata homa, aongeze dozi mara mbili au tatu hadi apone. Akitapika dawa, aje achomwe haidrokotisoni mg 100 siku hiyo hiyo, na aliye naye nyumbani aelezwe hayo pia.