MREJESHO: Ile hati ya mashtaka ya utoro kazini

Wakuu, mimi ni yule mtumishi wa chuo cha umma hapa Dar niliyeuliza nifanyeje baada ya kupewa hati ya mashtaka ya utoro, kosa linaloweza kukufukuzisha kazi, wakati nilikuwa namuuguza mama na barua ya kuomba ruhusa niliiacha masjala. Asanteni sana mlionijibu.

Aliyeniambia nitafute daftari la dispachi (lile karani anamosaini akipokea barua), Mungu ambariki. Nililikuta juu ya kabati, limeshika vumbi. Nikaiona saini ya karani kwa wino wa kijani pembeni ya jina langu, na tarehe: siku moja kabla sijaondoka. Mikono ilinitetemeka. Nikatoa kopi, nikaiambatanisha na utetezi wangu wa maandishi ndani ya muda niliopewa.

Kamati ya uchunguzi iliniita mara moja tu. Mashtaka yamefutwa. Nilishajiandaa kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45 zinazoruhusiwa, ila hatukufika huko. Mkuu wangu wa idara hajaniomba radhi, na hilo linaniuma bado. Mama anaendelea vizuri, jana kala ugali mwenyewe.