Ginkgo au bakopa kwa mama anayesahau? Naombeni uzoefu

Mwana_wa_Pili: Wakuu habari zenu. Mama siku hizi anasahau mno, swali lilelile anaweza kuuliza mara tatu ndani ya saa moja. Nimekwama kati ya vidonge viwili vya mitishamba ya kumbukumbu, ginkgo na bakopa, nataka kuagiza leo leo. Aliyetumia aseme.

Nasra77: Pole sana. Ana umri gani? Kaanza lini? Anameza dawa gani nyingine? Mbona hujasema.

MzeeKobe: Bakopa mdogo wangu. Natumia mwenyewe. Usitegemee wiki moja, wengi walioifanyia utafiti walisubiri wiki 12. Ale kwanza ndio ameze, inavuruga tumbo.

Fundi_Saa: Ginkgo achana nayo. Marekani waliwapa wazee, jumla walikuwa 3,069, wa miaka 75 kwenda juu, miligramu 120 mara mbili kwa siku, majibu yakatoka 2008. Waliomeza ginkgo na waliomeza vidonge vitupu hawakupishana, demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, iliwapata vilevile.

BiShamba: Kwa hiyo mimea yote haifai?? Galantamini wanayoandikiwa wagonjwa wa Alzheimer's asili yake ni maua, msidharau majani.

Fundi_Saa: Ile ni dawa dada, imechujwa, dozi inajulikana, daktari anafuatilia. Usilinganishe na kopo la unga.

Nasra77: Mimi ginkgo siisahau. Baba alikuwa anatumia warfarini ya moyo, ile inayozuia damu kuganda, ndugu yetu akamletea vidonge akasema ni majani tu hayana madhara, hakuna aliyemwambia daktari. Wiki chache mbele usiku pua ikaanza kutoa damu, tunabana haikatiki, taulo la kwanza likajaa, la pili, tukamkimbiza. Daktari anauliza kameza nini kipya tunaangaliana tu. Alipona, ila nilimlilia sana siku ile.

Mwana_wa_Pili: Mh. Mama ana 71. Anatumia metformini ya kisukari mwaka wa tisa huu, na aspirini kila siku.

Nasra77: Aspirini!! Nayo inazuia damu kuganda kama ile ya baba. Ginkgo usithubutu.

Fundi_Saa: Na metformini ya miaka mingi inaweza kushusha vitamini B12 mwilini, ikipungua mtu anasahau. Apimwe hiyo na tezi ya shingo kabla hujanunua chochote.

MzeeKobe: Vipimo sawa, ila bakopa aanze tu.

BiShamba: Anasikia vizuri? Wengine wanarudia maswali sababu jibu halikufika.

Mwana_wa_Pili: Redio anafungulia mpaka mwisho kwa kweli. Ginkgo nimeitoa kwenye oda, bakopa bado ipo.