Uzi wa uzoefu: Kushea mafaili kati ya Linux na Windows kwenye rauta moja

Wakuu, habari za kazi. Bado naona watu wanakimbizana na fleshi ofisini wakati mashine zote ziko kwenye rauta moja. Tupeane uzoefu: wewe ulifanyaje, na iligoma wapi?

Naanza mimi. Steshenari ya dada ina mashine ya Ubuntu (aina ya Linux) inayotunza kazi za wateja, na za Windows ziko kaunta. Niliweka Samba, programu ya kushea folda za Linux na Windows, nikaitaja folda kwenye /etc/samba/smb.conf, nikahakiki mipangilio kwa amri ya testparm. Windows ikaiona, ila nenosiri likakataliwa. Hapa wengi hukwama. Samba ina nenosiri lake, haitumii lile unaloingilia Linux. Andika sudo smbpasswd -a na jina la mtumiaji, inafunguka. Ikifunguka lakini ikakataa kuhifadhi, angalia sehemu mbili: "read only = no" ndani ya smb.conf, na ruhusa za folda yenyewe kule Linux. Moja ikikataa, umekwama.

FundiKebo: Mkuu, uzi mzuri. Maabara yetu ya shule, mashine ya Linux ilikuwa haitokei kabisa kwenye Windows 10. Nikashauriwa niwashe SMB1, toleo la zamani la njia ambayo Windows hutumia kushea mafaili. Nilikataa na nitaendelea kukataa! Kirusi cha WannaCry cha Mei 2017 kilipenya humo humo, na Samba 4.11 ya mwaka 2019 ikaizima SMB1. Niliweka wsdd, programu inayoitangaza mashine ya Linux kwa Windows, jina likatokea. Hata bila wsdd, andika \\192.168.1.20\masomo kwenye sehemu ya anwani, inafunguka. Hakikisha tu rauta haibadilishi hiyo IP (namba ya mashine kwenye mtandao), na ufw, ukuta wa ulinzi wa Ubuntu, iruhusu Samba.

mama_kodi: Mimi ni kinyume, folda iko Windows, natumia Linux. Weka cifs-utils, kifurushi cha kufungulia folda za Windows, kisha tumia amri ya mount -t cifs kuiunganisha. Ongeza uid=1000 (namba ya mtumiaji wako), la sivyo mafaili yote yatakuwa ya root, msimamizi mkuu wa Linux, na hutaweza kuhariri.

Pwani_Tech: Wenye folda za wageni, zile zisizo na nenosiri, jiandaeni. Windows 11 Pro toleo la 24H2 inazikataa. Mtandaoni utaelekezwa uzime ulinzi; usikubali, mtengenezee kila mtu jina na nenosiri. Ni kazi ya dakika chache, na utajua nani ameingia.

FundiKebo: Nimekumbuka jingine. Linux inakubali jina kama "Kikao 10:30.odt", Windows haitaki nukta mbili (:). Mwalimu wa zamu alikuta faili lina jina fupi lisiloeleweka lenye alama ya ~, akadhani ni virusi. Tumieni deshi.

mama_kodi: Na faili likifutwa kupitia mtandao haliendi Recycle Bin, limekwenda moja kwa moja. Kwenye smb.conf ongeza "vfs objects = recycle", yatawekwa kwenye folda ya .recycle. Kwa ofisi yenye watu wengi, anza na hiyo kabla hujamkabidhi mtu nenosiri.