Naomba ushauri: tumsherehekeeje mwenzetu aliyetoa kitabu?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za majukumu.

Tuna kikundi kidogo cha waandishi hapa Dodoma, tunakutana Jumamosi jioni kusomeana kazi zetu. Mwenzetu mmoja, muuguzi anayetokea Kongwa, ametoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi fupi. ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, amepata Bodi ya Huduma za Maktaba, jina lake limekaa vizuri kwenye jalada. Alipofungua boksi kila mtu alikishika, akakigeuza, akanusa karatasi. Hadithi zile tulizisikia zikiwa bado kwenye daftari!

Tatizo ni kwamba gharama za kuchapa kalipa mwenyewe, na kila anayempongeza anaomba nakala ya bure. Tumeanza kuchangishana kwa ajili ya uzinduzi, lakini ukumbi na chakula vinameza mchango wote. Nilipendekeza tuachane na ukumbi, hela inunue nakala tuzipeleke shule za sekondari. Wengine wanasema bila hafla hakuna atakayejua kuna kitabu, na wana hoja. Ila kwangu, uzinduzi usiouza nakala haumsaidii mwandishi.

Halafu kuna wenzetu wawili ambao miswada yao imekataliwa majuzi tu.

Mliowahi kuzindua kitabu mikoani, mliwafanyaje wageni wanunue badala ya kuomba? Na hao wawili, tuwape nafasi ya kusoma kazi zao siku hiyo, au tutawatonesha kidonda?